Sifuri ya Kumbukumbu

Binti yangu alipewa sifuri ya kumbukumbu akiwa na miaka saba, na aliyempa ni msomi aliyesomea ubongo mpaka nywele zikamkimbia. Nasema mapema ili ujue kwamba nilikuwa na hasira tangu mwanzo wa habari hii. Bado ninazo kidogo. Nyingine zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe, nitafika huko.

Tulikuwa tunakaa Mpemba, mimi, binti yangu na mama yangu mzazi, siku zile bado tunahesabika mkoa wa Mbeya. Nilijifungua mwaka niliomaliza kidato cha nne. Mtoto na matokeo vilifika karibu pamoja, na mtoto alikuwa na afya kuliko matokeo. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Kongo. Alikwenda Kongo. Nikaanza biashara ya sukari.

Kwa asiyejua kwetu: Tunduma ukivuka barabara vibaya umeshaingia Zambia. Unaweza kununua sukari Nakonde, ukamsalimia kila mtu mulishani kwa Kibemba, ukarudi nayo bila kupita pale wanapogonga mihuri, maana nyuma ya maghala kuna vichochoro na nyuma ya vichochoro kuna mahindi. Sikuwa jambazi. Nilikuwa mama mwenye sukari kiunoni chini ya kitenge na mtoto mkononi. Mtoto alikuwa wa muhimu. Askari akimwona mwanamke peke yake anaona mzigo. Akimwona na mtoto anaona mtu aliyetoka kusalimia ndugu.

Sasa mtoto ana mdomo. Kwa hiyo nilimfundisha, kama wanawake wote wa njia ile walivyowafundisha wa kwao. Mtu akiwa na karatasi na kalamu, wewe hujui. Hukuona. Ulikuwa umelala. Hata akikupa pipi, chukua pipi, shukuru, na bado hujui. Isipokuwa mama akisema, "Msalimie mjomba." Mjomba ni mtu wetu, kwa mjomba unaongea. Tulifanya mazoezi jikoni. Mimi nilikuwa askari na daftari la madeni ya duka, yeye akiwa yeye. Alikuwa na miaka minne na alinishinda.

Alipofika mitano, malaria ilimpanda kichwani. Degedege, kisha siku tatu hajitambui katika hospitali ya wilaya, mama yangu akisali upande wa kichwa na mimi nikigombana na wauguzi upande wa miguu. Siku ya nne alifumbua macho akaomba uji. Tukarudi nyumbani tukashukuru. Baadaye nikaanza kuona kikombe kinamponyoka mara kwa mara, na ukimwita wakati watu wengine wanaongea, ni kama hujamwita. Mengine yalikuwa yale yale, au nilijiambia hivyo.

Darasa la kwanza, muhula haujaisha, mwalimu mkuu akaniita. Alikuwa anakunywa chai.

"Mama, mtoto hajibu. Mwalimu wake akimuuliza anamtazama tu. Na kuandika hamalizi."

"Nyumbani anaongea mpaka kuku wanachoka, mwalimu."

"Nyumbani sipo. Nimesikia aliugua kichwa. Mbeya kuna shule yenye kitengo cha watoto wa namna hiyo, cha bweni."

"Bweni? Ana miaka saba."

"Basi niletee barua ya mtaalamu inayosema anaweza kusoma hapa. Shule inafungwa baada ya wiki tatu. Usipoleta, naandika uhamisho."

Nilitoka pale nikiwa nimesahau kumuaga. Kumpeleka mtoto wangu bweni Mbeya, alale na watu wasiojua kwamba kikombe chake hakijazwi juu. Hapana.

Mtaalamu mwenyewe alikuwepo. Kila mwaka, miezi ya baridi, alikuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kufuatilia watoto walioponea malaria ya kichwa, akapewa chumba kimoja nyuma ya kliniki ya mama na mtoto. Kazi yake inaitwa mwanasaikolojia wa ubongo, lakini hospitalini alijulikana kama daktari wa vichwa, kwa hiyo foleni yake ilikuwa ya watu wanaoumwa kichwa. Asubuhi niliyompeleka mtoto nilimkuta akimweleza bibi mmoja wa Ikinga.

"Bibi, mimi sitoi dawa."

"Sindano?"

"Sitoi sindano."

"Unatoa nini?"

"Nauliza maswali."

Bibi akamtazama kwa huruma kabisa. "Na wazazi wako wapo hai, baba?"

Hata yeye alicheka. Ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumchukia moja kwa moja. Wakati akipanga vitu vyake mezani, vibao vya rangi, picha, saa ya kubonyeza, alinisimulia habari zake bila kuulizwa, kama mtu aliyekaa nyumba ya wageni siku nyingi mno. Baba yake alitaka daktari wa kukata na kushona. Yeye alisomea saikolojia, kisha ubongo, kisha akaenda ng'ambo kuusomea zaidi, na aliporudi mama mkwe wake akauliza ataajiriwa lini. Mchana anafundisha, jioni anasahihisha, na kliniki anafanya siku mbili kwa wiki na watu waliopigwa kiharusi au kuanguka na bodaboda. Alikuwa mhadhiri mwandamizi miaka mingi, na ili upande uwe profesa lazima uandike makala.

"Na huku unafuata nini?"

"Huku ndiko waliko watoto, mama. Na heshima pia ipo. Mwaka juzi wafugaji wa bondeni kule Momba waliniletea mbuzi anayezunguka."

"Mbuzi?"

"Anazunguka kushoto tu, saa nzima. Nikawaambia ubongo wake una mdudu, upande huu hapa. Wakamchinja, wakapasua, wakamkuta. Chuo kikuu hakijawahi kuniheshimu hivyo."

Kisha akaniweka nyuma kwenye kiti, karibu na mlango. Masharti: mzazi hasemi, hakohoi kwa maana, hamtazami mtoto. Akachukua ubao wenye karatasi. Akachukua kalamu. Mimi bado sijaona kitu. Ningeona wapi, nilikuwa nikimwomba Mungu.

Alianza na namba. Akisema tano, nane, mbili, tisa, mtoto arudishe. Akarudisha. Arudishe kinyumenyume. Akarudisha, hata zilipofika tano, bila kupepesa. Nikavimba kwenye kiti. Huyo ni mtoto aliyekulia kwenye shilingi na kwacha.

Halafu akasema, "Sasa nitakusomea hadithi. Sikiliza vizuri, nikimaliza uniambie yote unayokumbuka." Akasoma kutoka kwenye karatasi yake, kwa sauti ya redio:

"Asubuhi moja mama mmoja alitoka nyumbani na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chumvi, sabuni na vitenge viwili. Karibu na daraja alikutana na askari. Askari akamuuliza anatoka wapi."

Ilikuwa ndefu zaidi ya hapo, lakini mimi sikusikia mbele.

"Haya, niambie. Yule mama alibeba nini?"

Binti yangu akaitazama ile kalamu. "Sijui."

"Jaribu. Ndani ya kikapu."

"Sikuona kikapu."

"Alikutana na nani pale darajani?"

"Sikuona mtu. Nilikuwa nimelala."

Mtaalamu akaandika. Binti yangu alipoona anaandika, akazidi kufunga uso, kama nilivyomfunza. Yule akamwonyesha picha za vitu, akazifunika, akamuuliza ameona nini. Hakuona. Akamsomea orodha ya maneno ya sokoni. Hakusikia. Akampa pipi. Akapokea, akapiga goti, akasema asante baba, na bado hakujua lolote. Nilijivunia nusu dakika, hiyo siifichi, ndipo nikakumbuka tuko wapi.

Na mimi nikakaa kimya. Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtu wa serikali mwenye kalamu, ndani ya jengo la serikali, na neno lile lingeanza na "mimi huwa napitisha sukari." Mafunzo yale hayakumshika mtoto peke yake.

Alipomaliza aliyapitia makaratasi yake mara mbili, na hapo ndipo aliponiudhi hasa. Alifurahi. Alijitahidi kuficha, lakini uso mpana wenye upara hauna pa kuficha kitu.

"Mama, hii ni ya kipekee. Umakini wake ni mzuri kabisa. Namba kinyumenyume ananipita hata mimi. Lakini kumbukumbu ya maneno, sifuri. Ya picha, sifuri. Hajaribu hata kukisia. Mtoto wa aina hii sijapata kumwona."

"Sasa dawa yake?"

"Dawa hakuna. Lakini ningependa kumwandikia makala. Bila jina, bila shaka. Utaweka sahihi hapa."

Nilimwangalia mtu anayekaribia uprofesa akipitia kichwani kwa mwanangu. Nikakataa sahihi. Barua nikapokea. Ilisema upungufu mkubwa sana wa kumbukumbu, na kwamba mtoto angefaa kupata uangalizi wa kitengo maalumu. Nikaikunja mara nne.

Tulipofika nyumbani, nilimketisha jikoni, nikavua viatu, nikauliza kama mtu asiyejali.

"Yule baba alikusomea nini?"

"Ya mama na kikapu. Chumvi, sabuni, vitenge viwili. Kimoja cha bluu. Daraja lilikuwa la mbao. Askari akamuuliza anatoka wapi, akasema natoka kumwona mgonjwa." Akafikiri. "Yule mama hajui kudanganya. Mgonjwa unampelekea vitu, huondoki na vitu."

"Kwa nini hukumwambia?"

Akanishangaa. "Alikuwa na karatasi."

"Na mwalimu wako wa darasa?"

"Ana daftari la kutuandika."

Mama yangu, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, hakuinua kichwa. "Umemfundisha vizuri," akasema. "Sasa umpeleke bweni akafundishe wenzake."

Nilikaa na ile barua siku nne chini ya godoro. Ningeichana, lakini mwalimu mkuu angetaka nyingine. Ningempelekea, mtoto anaondoka. Njia iliyobaki ilikuwa kurudi kwa yule mtu na kumfungulia maisha yangu. Kila asubuhi niliamka nimeamua kwenda, nikaenda Nakonde. Siku ya tano nilisikia kuwa mtaalamu amemaliza watoto wa Mbangala, na yuko kliniki siku hiyo tu kufunga mizigo. Nikavaa gauni la kanisani, nikamshika mtoto mkono.

Nilimwacha mtoto nje ya mlango, nikamkuta mtaalamu akifunga sanduku. Nilimwambia nikiwa nimesimama, haraka haraka, kama mtu anayeng'oa plasta. Sukari, vichochoro, mazoezi ya jikoni, karatasi na kalamu. Alisikiliza. Halafu akakaa juu ya sanduku lake.

"Kwa hiyo ile hadithi yangu," akasema, "nimemsomea mtoto wa mpakani habari ya mama anayesimamishwa na askari."

"Ndiyo."

"Kisha nikamuuliza amebeba nini."

"Ukiwa umeshika kalamu."

Akajifuta upara. "Muhtasari wa ile makala nimeshautuma."

"Mimi sikuweka sahihi."

"Nilijua ungeweka."

Nilimwambia hilo ni tatizo la kumbukumbu yake, si ya mwanangu. Nikamtaka amrudie mtoto sasa hivi. Akasema haiwezekani, majaribio yale hayarudiwi mpaka ipite miezi sita, kwa sababu mtoto ameshayasikia. Nikamwambia kama hakumbuki kitu, ameyasikiaje? Akanyanyuka juu ya sanduku, akakaa tena. Naamini katika miaka yake yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyemfikisha pale, na mimi nina daraja la nne.

"Tungefanyaje?" akauliza. Aliuliza kweli.

Nikampa masharti, kama yeye alivyonipa. Ubao nje. Kalamu nje, hata ile ya mfukoni. Saa ya kubonyeza ndani ya sanduku. Koti jeupe avue. Tukatoka uani nyuma ya kliniki, ambako akina mama huanika nepi, nikamkalisha kwenye benchi na mahindi ya kuchoma mkononi. Nikamwita binti yangu.

"Msalimie mjomba."

Akamkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. Mikono ya mjomba ilikuwa mitupu, mbali na mahindi. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Ile hadithi niliyokusomea siku ile, wakumbuka chochote?"

Zilikuwa zimepita siku tano. Alimpa yote. Kikapu, chumvi, sabuni, vitenge, daraja la mbao, jibu la yule mama na kasoro zake. Alimpa zile picha alizofunikiwa, na orodha ya sokoni na mpangilio wake. Mtaalamu alijaribu kumfuatisha kichwani kwa kuwa hakuwa na pa kuandika, akasema, "Kwa hiyo ilikuwa kiatu, mwavuli, kisha jogoo," na mtoto akamwambia, "Hapana mjomba, jogoo halafu mwavuli. Wewe ndiye uliyezipanga." Nikatazama nepi ili nisicheke.

Ningemkatisha hapo, ningekuwa mshindi. Lakini mlango ukishafunguliwa kwa mjomba, hakuna aliyemwambia mtoto ufungwe wapi. Akaendelea. Kwamba wakati wa kusoma kamba ya kiatu cha mjomba ilikuwa imefunguka. Kwamba mama amesema mjomba ana kichwa kama yai la bata na angepimwa yeye kwanza. Kwamba sukari yetu inapita nyuma ya ghala la mbao, na siku za mvua inapita kwa mganga. Kwamba sukari ya mwalimu mkuu, anayoifuata mkewe, ndiyo nyeupe zaidi, na inafungwa kwenye mfuko wa mbolea.

"Inatosha," nikasema.

"Aendelee kidogo," akasema mtaalamu, na macho yalikuwa yamemjaa machozi ya kicheko. "Hii inaitwa kumbukumbu ya matukio."

Halafu akaacha kucheka, akawa mtu mwingine. Alimpa gunzi alitupe kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alimwambia afunge kamba za viatu vyake yeye mjomba. Aliniambia mimi niongee, na yeye wakati huohuo akamwita mtoto kwa sauti ya kawaida, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwake, akichezea kamba, na hakugeuka.

Mimi nilikuwa nimekuja kuambiwa kwamba mwanangu ni mzima.

"Kumbukumbu ni ya ajabu, mama. Hiyo nilikosea, na nitaandika kwamba nilikosea. Lakini mkono wa kulia umechelewa, na sauti zikiwa nyingi zinampotea. Hilo lilitokana na ugonjwa. Uliliona wewe mwenyewe nyumbani, sivyo?"

Nilitaka kumwambia hapana. Kikombe nilikuwa nacho kichwani, kimejaa nusu. "Niliona," nikasema.

"Litapungua?"

Hilo niliuliza mimi, si yeye. Akasema kwa baadhi ya watoto hupungua, na kwamba hawezi kuniahidi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumheshimu, na nilichukia kumheshimu kwa ajili ya jibu kama lile.

Barua ya pili aliiandikia mule ndani, mtoto akiwa nje asione kalamu. Ilisema barua ya kwanza ifutwe. Mtoto abaki shuleni kwake, akae dawati la mbele, aulizwe na mwalimu aliyeweka daftari chini, apewe muda wa ziada wa kuandika, na aachwe atumie mkono anaoumudu, wa kushoto. Kuhusu makala, alisema itabidi aandike nyingine, ya jinsi mtaalamu alivyopima utii akadhani anapima ubongo. Hiyo hainiudhi. Miaka miwili baadaye alinipigia simu kusema amepanda, nikampa hongera, nikamwuliza kama mama mkwe ameridhika. Bado.

Mwalimu mkuu aliisoma barua yake polepole, chai ikipoa. Alipofika kwenye mkono wa kushoto akatikisa kichwa.

"Mkono wa kushoto tutawaruhusu wote?"

"Huyu mmoja tu, mwalimu."

"Na hii ya kumbukumbu. Wiki iliyopita hajibu, leo ana kumbukumbu ya ajabu?"

"Anakumbuka kila kitu. Hata mifuko ya mbolea inayokwenda nyumba za watu."

Alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Akagonga muhuri. Sijivunii sana hilo. Najivunia kiasi.

Jioni ile nilimweleza binti yangu kwamba mwalimu wa darasa naye ni shangazi, hata akiwa na daftari. Akauliza askari je. Nikamwambia askari ni kazi yangu, maana yeye haendi tena Nakonde. Akakasirika, akalia, akasema nani atashikwa mkono. Nilianza kuvuka peke yangu, na mara ya tatu walinikamata na mzigo wote, kama nilivyojua watafanya. Nikaacha sukari, nikaanza kuuza maandazi kwenye kituo cha malori, kazi ya jasho isiyo na mzaha wowote ndani yake.

Muhula uliofuata nilikuwa nikipita shuleni saa ya kutoka. Wenzake walitoka kama maji ya bomba lililopasuka, wakanizunguka wakidai maandazi. Nikasogea dirishani. Alikuwa amebaki peke yake dawati la mbele, kalamu mkono wa kushoto, ulimi nje, akinakili mstari ambao wenzake walishaumaliza zamani. Mwalimu wake alikuwa amekaa kwenye dawati la jirani, mikono mitupu, anamngoja. Nilitaka kuingia nimshikie ule mkono nimsaidie, tumalize, twende nyumbani.

Nikakaa kwenye kizingiti na beseni langu. Alikuwa amefika neno la nne.